Mama kwenye kiti cha mbio: mwili, mkanda na mkataba

Dereva wa kike wa mashindano akitangaza kwamba ni mjamzito, au akionekana amerudi kwenye usukani huku mtoto hajaanza kutambaa, maneno huwa ni ya aina mbili. Wapo wanaosema huyo basi, mbio zimemwisha. Wapo wanaojibu kwamba mwanamke anaweza lolote, aachwe aendeshe hata na tumbo la miezi saba. Wote wamepotea njia kwa sababu moja: wamechanganya maswali matatu. Je, mwili wa mwanamke unalimudu gari la mbio? Aliyejifungua anaweza kurudi, na lini? Na kwa nini tunawaona wachache hivi? Swali la kwanza jibu lake ni fupi. La pili lina jibu refu, lenye wiki na vipimo. La tatu halimo mwilini kabisa, limo kwenye fedha na kalenda.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. "Kiti" katika mbio si ile plastiki ya kukalia tu, ni nafasi ya dereva katika timu. Anayesema "nina kiti msimu huu" ana gari, mafundi na ratiba. Mdhamini ni anayelipia kiti hicho, ama kwa kuilipa timu moja kwa moja ama kupitia dereva. Leseni ni kibali cha kushindana, na haitolewi bila uchunguzi wa daktari. Kinga ya shingo ni kile kifaa kigumu kinachokaa mabegani chini ya mikanda na kushikanishwa na helmeti kwa kamba fupi, kichwa kisirushwe mbele gari linapogonga.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tofauti na riadha au kandanda, mbio za magari hazina daraja la wanaume. Kanuni za Formula 1, za rali na za mbio za saa 24 zinamtaka dereva mwenye leseni, basi. Maria Teresa de Filippis wa Italia alishindana katika Formula 1 mwaka 1958. Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1982, baada ya kushinda Ureno, Ugiriki na Brazil msimu huo huo. Jutta Kleinschmidt wa Ujerumani alishinda Dakar, ile rali ndefu ya jangwani, mwaka 2001. Hawakupewa sekunde za nyongeza.

Sasa nguvu. Ni kweli kwamba gari la mbio linatesa mwili. Kichwa cha mtu pamoja na helmeti ni kama kilo 6.5. Katika kona ya kasi ya Formula 1 nguvu ya pembeni inaweza kufika g 5, yaani mara tano ya uzito wa kawaida, na shingo ikajikuta inashikilia kilo 32 hivi kwa upande mmoja, kona baada ya kona. Kanyagio la breki huhitaji msukumo wa kilo 100 na zaidi. Na ni kweli pia kwamba kwa wastani wanaume wana misuli mingi zaidi ya kifua na mikono. Lakini nguvu inayotakiwa hapa ina kiwango. Ni kama kujitwika ndoo ya maji ya lita 20: ama unaiweza mpaka mwisho wa safari, ama huiwezi, na mwenye nguvu za kubeba ndoo tatu hatakutangulia kufika kwa sababu ya nguvu hizo. Dereva akishaweza kugeuza usukani kwa nguvu ile ile kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, kinachobaki ni ufundi wa kusoma matairi, breki na mstari wa kona.

Tatizo la kweli hapa huwa kipimo cha vifaa. Magari ya Formula 1 yana usukani wenye msaada wa nguvu. Ya Formula 2 (ngazi iliyo chini yake) na ya IndyCar ya Marekani hayana. Katika mashindano ambayo wote hutumia gari la aina moja, mduara wa usukani na nafasi ya kanyagio vimekwishapangwa kwa kumtazama kijana wa kiume wa kimo cha kati. Dereva mfupi hulazimika kunyoosha mguu, goti linakaribia kunyooka kabisa, na hapo anapoteza msukumo wa breki ambao misuli yake ingeweza kuutoa. Kabla ya kusema hana nguvu, pima pembe ya goti na ya kiwiko. Mara nyingi dawa ni kusogeza kanyagio na kutengeneza kiti upya.

Wapo pia wanaodai kinyume, kwamba mwanamke ana faida kwa kuwa ni mwepesi. Katika Formula 1 mlango huo ulifungwa mwaka 2019: dereva pamoja na kiti chake lazima wafikie kilo 80 (tangu 2025 ni 82), na anayepungukiwa huongezewa uzito hapo hapo anapokaa.

Tuje kwenye ujauzito, ambako porojo ni nyingi kuliko maarifa.

Hadi kama wiki ya 12, mfuko wa uzazi umekingwa ndani ya mfupa wa nyonga. Baada ya hapo hupanda juu na kukaa mahali ambapo mkanda na usukani vinaweza kuubana. Hatari inayowaogofya madaktari si kugongwa tumbo peke yake. Gari likisimama ghafla, ukuta wa mfuko wa uzazi hunyumbuka lakini kondo la nyuma halinyumbuki, kwa hiyo linaweza kubanduka hata pasipo jeraha la nje, na dalili zikajitokeza saa kadhaa baadaye. Kwa maana hiyo "niliendesha taratibu" haina uzito: ajali haikuulizi ulikuwa unaenda taratibu au la.

Kuna mawili mengine yasiyosemwa sana. La kwanza ni joto. Ndani ya gari la mbio lililofungwa, na ovaroli ya kuzuia moto juu ya nguo za ndani za kuzuia moto, joto la mwili hupanda haraka, na joto la mwili linalopita nyuzi 39 katika wiki za mwanzo linahusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. La pili ni moshi. Kaboni monoksidi kutoka kwenye ekzosi hung'ang'ania zaidi damu ya mtoto aliye tumboni kuliko ya mama. Mhandisi au fundi wa kike anayefanya kazi gereji injini zikiwa zinanguruma alifikirie hilo kama dereva anavyolifikiria, pamoja na mafuta ya mbio yenye risasi ambayo bado yanatumika katika baadhi ya mashindano.

Kwa hiyo jibu la kawaida la madaktari ni moja: ukishajua una mimba, shuka kwenye gari. Mwambie daktari wa timu na usome kanuni za kitabibu za leseni yako, maana kila chama kina utaratibu wake. Muulize pia wakala wa bima, na jibu lake liwe kwenye maandishi.

Kushuka kwenye gari si kukaa bure. Kuchambua takwimu za gari, kuandika maelezo ya njia ya rali, kumfunza dereva mbadala, mazoezi ya shingo ya kusukuma bila kusogeza kichwa, yote yanawezekana. Hata simuleta, mashine ya kuigiza uendeshaji, ila angalia mkao. Kiti cha gari la magurudumu ya wazi, kama la Formula 1, humlaza dereva karibu chali, na kuanzia kama wiki ya 20 kulala chali kunaweza kufanya mfuko wa uzazi ugandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kizunguzungu na kichefuchefu vikianza, si simuleta iliyoharibika. Tumia kiti cha wima, kama cha gari la rali.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Swali "anarudi baada ya wiki ngapi?" halina namba moja, na nina mashaka na kila anayeitaja moja. Wataalamu wa viungo wa Uingereza waliotoa mwongozo mwaka 2019 wa kurudi kukimbia baada ya kujifungua walisema isiwe kabla ya wiki 12, na hapo ni kukimbia kwa miguu tu, bila g 3 za breki. Aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji subira zaidi: kwenye wiki ya 6 utando wa ukuta wa tumbo umerudisha takriban nusu tu ya nguvu yake, na huendelea kukomaa hadi mwezi wa 6 au wa 7. Kovu la nje hupona mapema na kudanganya watu.

Mwongozo huo una vipimo vinavyomfaa dereva vilevile kabla hata ya kugusa gari: kutembea dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kukimbia papo hapo dakika moja, kuruka kwa mguu mmoja mara 10. Ukipata maumivu, uzito unaovuta chini ukeni, au mkojo ukikuponyoka, misuli ya sakafu ya nyonga bado. Rudi kwa mtaalamu wa viungo, usiongeze mazoezi kwa hasira.

Ongeza kipimo kimoja cha mbio: kutoka garini. Katika Formula 1 dereva hupewa sekunde 7 za kufungua mikanda, kuchomoa usukani na kutoka. Madaraja mengine yana muda wao. Kutoka huko ni kujiinua kwa mikono huku tumbo likishika kiwiliwili, na misuli ya tumbo iliyoachana katikati wakati wa mimba ndiyo hasa inayohitajika hapo. Dereva anayezunguka vizuri mizunguko 20 lakini hawezi kutoka ndani ya muda bila kusaidiwa hayuko tayari. Jaribu gari likiwa limesimama, na vazi lote, mara tatu mfululizo. Ile ya tatu ndiyo ya kuamini.

Mikanda inataka maelezo ya karibu, maana hapa makosa hufanywa na watu wazoefu. Mkanda wa mbio wenye ncha sita una mikanda miwili ya mabega, miwili ya kiunoni na miwili inayopita kati ya mapaja. Ile ya kiunoni lazima ikae chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga, kamwe isikae tumboni. Sasa angalia: mshono wa upasuaji wa kujifungua uko pale pale mkanda unapopita. Kila breki inausugua. Dereva anayeona maumivu hufanya moja kati ya mawili, aulegeze mkanda au aupandishe sentimita chache. Yote mawili ni hatari. Mkanda uliolegea au uliopanda huacha nyonga iteleze chini yake wakati wa kugonga, na nguvu yote huishia kwenye tumbo laini na uti wa mgongo. Kama mshono hauvumilii mkanda uliokazwa mahali pake, siku ya kuendesha haijafika. Kitambaa laini cha kuwekea chini ya mkanda hakisaidii, kwa kuwa hubonyea kwenye ajali na kuacha nafasi ile ile.

Kiti nacho. Kiti cha dereva hutengenezwa kwa kumkalisha ndani ya gari juu ya mfuko unaomiminiwa povu linalovimba na kugandia umbo lake. Baada ya kujifungua, kile cha zamani hakikai tena: nyonga zimebadilika, mgongo wa chini umebadilika, kifua kimebadilika. Kosa la kwanza ni kukitumia hivyo hivyo na kujaza mapengo kwa sponji. Kosa la pili ni kutengeneza kipya mapema mno, wiki ya 8 kwa mfano, halafu mwezi wa 5 kinapwaya. Tengeneza kimoja cha majaribio kwa siku za mazoezi, na kingine mwili ukishatulia. Siku ya kumimina povu vaa kila kitu: ovaroli, nguo za ndani, kinga ya shingo, helmeti. Na anayenyonyesha amiminiwe povu mara tu baada ya kunyonyesha au kukamua, la sivyo mikanda itapimwa juu ya kifua ambacho baada ya saa mbili ni kingine.

Kunyonyesha hakumzuii mtu kushindana, ila kuna mpangilio wake. Mikanda ya mabega inayobana titi lililojaa inaweza kuziba mirija ya maziwa, na mirija iliyoziba huweza kuleta uvimbe, homa na maumivu makali. Kwa hiyo nyonyesha au kamua mwisho kabisa, kabla tu ya kufungwa mikanda, kisha tena mara ushukapo. Wengi huweza kukaa saa 3 hadi 4 bila kukamua. Katika mbio ndefu kama zile za saa 24 za Le Mans, ambako dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6 zozote, mhandisi anapaswa kuijua ratiba ya kukamua kama anavyoijua ya mafuta. Zamu mbili mfululizo bila kuuliza ndizo zinazoharibu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji. Gereji ya joto kali si chumba cha kawaida, kwa hiyo boksi la barafu liwepo.

Sidiria iwe ile ya kuzuia moto iliyoidhinishwa, isiyo na waya wala kikuku cha chuma. Sidiria ya michezo ya nailoni huyeyuka kwenye joto la moto na kugandia ngozi. Jambo linalosahaulika zaidi ni vile vipande vya kufyonza maziwa. Vingi vina karatasi ya plastiki upande wa nje, nayo huyeyuka vilevile. Tumia vya pamba tupu au sufu.

Maji ni somo jingine. Madereva wengi wa kike hupunguza kunywa ili wasibanwe na mkojo, na mama aliyejifungua karibuni hufanya hivyo maradufu. Lakini kunyonyesha peke yake kunahitaji karibu mililita 700 za ziada kwa siku, na gari la joto hutoa jasho la lita nzima au zaidi. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukizidi asilimia 2 ya uzito wako, umakini hushuka, na maziwa huenda yakapungua. Kabla ya kumpakata mtoto vua ovaroli na uoshe mikono na kifua. Vumbi la breki na mabaki ya mafuta hayana kazi mdomoni mwa mtoto.

Kwenye pikipiki za motokrosi mzigo wa nyonga ni mkubwa zaidi, kwa sababu mpanda pikipiki hutua akiwa amesimama. Hata hivyo Kiara Fontanesi wa Italia, bingwa wa dunia wa wanawake mara 6, alirudi mashindanoni baada ya kupata binti.

Halafu ule uvumi wa kale, kwamba kila mtoto humpunguzia dereva kasi kwa kuwa mzazi hukanyaga breki mapema. Kinachochekesha ni kwamba zamani uliambatanishwa na akina baba. Michael Schumacher alishinda ubingwa wa Formula 1 miaka mitano mfululizo, 2000 hadi 2004, akiwa baba wa watoto wawili. Shirley Muldowney wa Marekani alichukua ubingwa wa magari ya kasi ya mstari mnyoofu mwaka 1977, 1980 na 1982 akiwa mama, na mwanawe John alikuwa miongoni mwa mafundi wa gari lake. Kinachopunguza kasi kweli ni usingizi uliokatikakatika. Dereva aliyeamka mara nne usiku huchelewa kuitikia hata kama hana hofu yoyote. Ndiyo maana timu inayojielewa huuliza mapema nani atalala na mtoto usiku wa kuamkia mbio, na wa kabla yake.

Tulibakiza uchache. Safari ya dereva huanza kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio, mara nyingi akiwa na miaka 8 hivi. Tuchukue namba za mfano tu: watoto 1,000 wanaanza, 50 kati yao ni wasichana, na mmoja katika kila 100 anafika juu. Hapo wamefika kumi, na kwa hesabu wasichana ni nusu mtu. Huhitaji nadharia ya mwili kueleza hilo. Mashindano ya wanawake peke yao, kama W Series (2019 hadi 2022) na F1 Academy iliyoanza 2023, yamekusudiwa kupunguza gharama ya kiti katika hatua ambayo wasichana huishiwa fedha. Nadhani yana manufaa, ingawa F1 Academy ni ya umri wa miaka 16 hadi 25, kwa hiyo swali la uzazi linamkuta dereva akishatoka huko.

Nalo linamkuta pabaya. Leseni ya juu ya kuingia Formula 1 hudai pointi 40 zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu, kwa hiyo msimu mmoja nje ni theluthi ya dirisha. Madereva wengi ni wafanyakazi huru, hawana likizo ya uzazi kisheria. Mdhamini analipia idadi ya mbio, na dereva asipotokea, fedha zinakwenda kwa mwingine. Leah Pruett, dereva wa Marekani wa magari ya mstari mnyoofu, alipopumzika mwaka 2024 ili kupata mtoto, gari lake liliendeshwa na mumewe, Tony Stewart, ambaye pia ndiye mwenye timu. Si kila mtu ana mume wa namna hiyo. Ashley Force Hood, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za kitaifa za Funny Car, daraja jingine la magari ya mstari mnyoofu, mwaka 2008, alishuka mwaka 2011 alipopata mimba, na licha ya timu kuwa ya baba yake hakurudi kuendesha. Alihamia kazi za ofisi za timu.

Kinachoweza kubadilishwa kabla ya mimba ni mkataba. Mwanasheria aandike kwamba ujauzito unasimamisha mkataba na hauuvunji, na ataje muda, tuseme miezi 18. Aandike kazi mbadala zinazohesabika kama kutimiza mkataba: simuleta, matangazo, ziara za mdhamini. Aandike siku za majaribio zitakazolipiwa na timu kabla ya mbio ya kwanza ya kurudi, maana hakuna dereva, awe mwanamume aliyevunjika mguu au mama aliyejifungua, anayerudi moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia. Na aandike nani ataamua kwamba dereva yuko tayari. Awe daktari aliyetajwa kwa cheo, pamoja na dereva mwenyewe, asiwe meneja wa timu peke yake.